Joto, Chumvi na Mnato: Sheria Moja Iliyozaliwa Mara Tatu

Tarehe 21 Desemba 1807, mkuu wa mkoa wa Isère, kusini-mashariki mwa Ufaransa, aliwasilisha andiko refu kuhusu joto mbele ya wanasayansi wa Paris. Jina lake Joseph Fourier, mtoto wa mshona nguo wa mji wa Auxerre. Alikuwa yatima tangu utotoni, akaonja jela wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kisha akafuatana na Napoleon hadi Misri. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kusimamia barabara na kukausha vinamasi. Muda uliobaki aliutumia kupasha vyuma moto na kusoma vipimajoto.

Andiko hilo halikuchapishwa wakati huo. Leo mtengenezaji wa majokofu, wa mashine za kusafisha damu au wa kompyuta hawezi kupiga hatua bila mlinganyo uliokuwa ndani yake.

Vyuo vya uhandisi sasa vina somo zima juu ya namna joto, maada na mwendo vinavyohama kutoka mahali hadi mahali. Mwanafunzi akilisoma hudhani vitu hivyo vitatu vilikuwa ndugu tangu awali. Sivyo. Kwa zaidi ya karne moja vilisomwa na watu walioishi katika fani mbalimbali: mkuu wa mkoa, mwalimu wa sekondari, fundi wa telegrafu, mtaalamu wa mwili wa binadamu. Sheria ilivuka kutoka kwa mmoja hadi mwingine kila mara mtu aliposoma kitabu ambacho, kwa kazi yake, hakikumhusu.

Mkuu wa mkoa na pete ya chuma

Enzi za Fourier, wasomi walikuwa wakigombana kuhusu joto ni kitu gani. Wafuasi wa mkemia Lavoisier walilichukulia kuwa kimiminika kisicho na uzito kinachopenya ndani ya vitu. Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, aliyesimamia utoboaji wa mizinga mjini Munich, alipinga mwaka 1798: chuma kinachotobolewa hutoa joto bila kikomo, basi haiwezekani likawa akiba iliyofichwa humo.

Fourier aliuacha ugomvi huo kwa wenyewe. Hakuuliza joto ni nini, aliuliza linakwendaje. Alichukua pete ya chuma, akaitoboa matundu, akayatia zebaki na kuchomeka vipimajoto. Kisha akaipasha pete moto na kufuatilia jinsi joto lilivyosambaa na kupoa.

Alichokipata kinaelezeka kwa maneno machache. Joto hutoka palipo na moto zaidi kwenda palipo na baridi zaidi, na kiasi kinachopita kila sekunde hutegemea mambo mawili: ukali wa mteremko wa halijoto, na aina ya kitu chenyewe. Ukiuongeza unene wa ukuta mara mbili huku pande zake zikibaki na halijoto zilezile, joto linalopita hupungua kwa nusu. Ukiweka shaba badala ya mbao, linapita kwa wingi mno. Kutokana na hayo Fourier akaunda mlinganyo unaoeleza halijoto ya kila nukta ya kitu, kila wakati.

Kamati ya kulipima andiko ilikuwa ya vigogo wanne: Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix. Lagrange, mzee wa miaka 71, hakuridhika. Ili kuutatua mlinganyo wake Fourier alijumlisha mawimbi yasiyo na mwisho, na hesabu ya namna hiyo ilimkera bingwa huyo. Taasisi ya wanasayansi hao wa Paris ilipotangaza shindano juu ya mada hiyohiyo, Fourier alishiriki na kupewa tuzo mapema mwaka 1812, ila waamuzi waliambatisha lawama kwamba hoja zake hazikukaza vya kutosha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822. Mwaka huohuo akawa katibu wa kudumu wa Akademia ya Sayansi, na kwa mamlaka hayo akalichapisha andiko lake la shindano jinsi lilivyokuwa, bila kubadili kitu.

Kutoka chuma hadi waya, kutoka waya hadi bahari

Kwa kuwa sheria ya Fourier haikutaka kujua joto ni nini, ilikuwa rahisi kuiazima. Wa kwanza kuiazima alikuwa Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule ya sekondari mjini Cologne, Ujerumani. Alijiuliza: ikiwa joto hufuata mteremko wa halijoto, je, umeme nao hufuata mteremko wake? Betri za wakati huo zilikuwa zikiyumba, kwa hiyo mwaka 1826 alitumia chanzo kingine cha umeme: maungio mawili ya metali mbili, moja likiwa katika maji yanayochemka, jingine katika barafu. Kitabu chake cha mwaka 1827 kilifuata njia ya Fourier hatua kwa hatua. Wajerumani wenzake walikipokea kwa ubaridi, hadi Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley mwaka 1841.

Mwazimaji wa pili alikuwa kijana wa miaka 15. Mwaka 1840 William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alichukua kitabu cha Fourier katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Glasgow na kukimaliza kwa wiki mbili. Miaka kumi na minne baadaye, makampuni yalipokuwa yakipanga kulaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, alitambua jambo ambalo mafundi hawakuliona. Ndani ya waya mrefu uliozungukwa na maji ya bahari, ishara ya umeme haikimbii kama risasi. Inasambaa kama joto linavyosambaa ndani ya fimbo ya chuma, na mlinganyo ni uleule.

Kwa hiyo na masharti ni yaleyale. Urefu wa waya ukiongezeka mara mbili, ucheleweshaji wa ishara huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara kumi, mara mia. Hiyo ndiyo kanuni ya mraba. Wildman Whitehouse, fundi mkuu wa umeme wa kampuni ya waya wa Atlantiki, aliipinga hesabu hiyo. Waya wa mwaka 1858 ulipokuwa dhaifu, yeye alizidisha nguvu ya umeme, na baada ya wiki chache ukafa kabisa. Waya wa mwaka 1866 ulijengwa kwa ushauri wa Thomson: shaba safi na nene zaidi, na kifaa chepesi cha kioo cha kusomea mikondo hafifu. Huo ulidumu. Teknolojia hiyo ilifika pwani yetu mwaka 1879, waya kutoka Aden kwenda Durban ulipopitia Zanzibar.

Chumvi katika mrija wa glasi

Wakati huo huko Uingereza, mkemia Mskoti Thomas Graham alikuwa amekusanya vipimo vya miaka mingi kuhusu jinsi gesi zinavyochanganyika na jinsi chumvi inavyosambaa majini. Alitumbukiza chupa ndogo za maji ya chumvi ndani ya vyombo vikubwa vya maji matupu, akasubiri siku kadhaa, kisha akapima chumvi iliyotoka. Ndiye pia aliyeanzisha, mwaka 1861, mbinu ya kutenganisha vitu vilivyoyeyuka kwa kuvipitisha katika utando mwembamba, mbinu ambayo leo huwasafishia damu wagonjwa wa figo. Alikuwa na takwimu tele. Kilichokosekana ni kanuni ya kuzibeba.

Kanuni aliileta Adolf Fick, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifundisha anatomia huko Zürich. Shida yake ilikuwa ya kitabibu: alitaka kujua jinsi vitu vinavyopenya kuta za seli na mishipa. Mwaka 1855 akaandika kwamba ni jambo la kawaida kabisa kudhani chumvi majini hufuata sheria ileile ambayo Fourier aliiweka kwa joto na Ohm kwa umeme. Weka wingi wa chumvi mahali pa halijoto, na mlinganyo uko tayari.

Dhana si ushahidi, kwa hiyo akaipima. Alisimamisha mrija wa glasi, chini akaweka chumvi tele isiyokwisha kuyeyuka, juu maji matupu yanayobadilishwa. Aliacha muda mrefu upite, halafu akashusha kijipande cha glasi kilichoning'inia kwenye mizani na kusoma uzito wa maji katika kila kina. Wingi wa chumvi ulipungua kutoka chini hadi juu kwa hatua zilizo sawa, kama halijoto inavyopungua kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Fourier alikuwa ametabiri jambo hilo bila kuigusa chumvi.

Kanuni ya mraba ikaja nayo, na hapo ndipo uzito wake kwa viumbe hai unapoonekana. Katika maji yaliyotulia kabisa, chumvi huhitaji takriban saa 9 kusambaa sentimita moja. Kwa mita moja si mara mia. Ni mara elfu kumi, yaani miaka kumi hivi. Bakteria anaweza kungoja oksijeni imfikie yenyewe. Ng'ombe hawezi. Ndiyo maana wanyama wakubwa wana moyo na mishipa ya kubeba damu, na kusambaa kumeachiwa sehemu ya mwisho tu, kutoka mshipa mwembamba hadi kwenye seli. Mwaka 1870 Fick huyohuyo alionyesha namna ya kukadiria damu inayopigwa na moyo kwa dakika, kwa kulinganisha oksijeni inayovutwa na mapafu na tofauti ya oksijeni kati ya damu inayokwenda na inayorudi.

Kaka mkubwa aliyesahauliwa

Sheria ya tatu ilikuwa kongwe kuliko zote. Mwaka 1687 Isaac Newton alidokeza kwamba tabaka za kimiminika zinapoteleza moja juu ya nyingine kwa kasi tofauti, ukinzani kati yake hulingana na tofauti hiyo ya kasi. Asali hukinza sana, maji kidogo. Hiyo ndiyo habari ya mnato. Ukiitazama vizuri, ni mteremko tena, safari hii wa kasi: tabaka linalokwenda mbio hulikokota jirani yake, na jirani humkokota wa pili.

Daktari Mfaransa Jean Poiseuille aliifikia habari hiyo kwa njia ya damu. Katika miaka ya 1840 alipima maji yanayopita katika mirija myembamba ya glasi, naye mhandisi wa Prussia, Gotthilf Hagen, alikuwa ametangulia mwaka 1839. Waligundua kwamba kipenyo cha mrija kikipungua kwa nusu, maji yanayopita kwa msukumo uleule hubaki sehemu moja tu ya 16. Daktari wa moyo anayeeleza hatari ya mshipa uliosinyaa anasimama juu ya hesabu hiyo.

Lakini kwa nini joto, chumvi na kasi vifuate kanuni ya sura moja? Jibu lilianza na swali la harufu. Mwaka 1857 Mjerumani Rudolf Clausius alieleza kuwa gesi ni chembe zinazokimbia huku na huku. Mholanzi Buys Ballot akauliza: zikiwa na kasi hiyo, kwa nini harufu huchukua dakika nzima kuvuka chumba? Molekuli za hewa huenda karibu mita 500 kwa sekunde; udi ukiwashwa pembeni, ungepaswa kunukia chumba kizima kufumba na kufumbua. Clausius alijibu kwamba molekuli hazipati nafasi ya kwenda mbali kabla ya kugongana. Ni kama mtu mwenye haraka anayekatiza Kariakoo mkesha wa Idi: miguu inakwenda mbio, ila kila hatua anakutana na bega la mtu na kubadili njia, na mpaka avuke mtaa jua limezama.

Mskoti James Clerk Maxwell alimsoma Clausius mwaka 1859 na kuona mbali zaidi. Molekuli inayovuka kutoka tabaka moja la gesi kwenda jingine hubeba mizigo mitatu kwa pamoja: inajibeba yenyewe, inabeba nishati yake, na inabeba mwendo wake. Ukihesabu molekuli zenyewe unapata sheria ya Fick. Ukihesabu nishati unapata ya Fourier. Ukihesabu mwendo unapata ya Newton. Wapagazi ni walewale.

Hesabu hiyo ilitoa tokeo ambalo Maxwell mwenyewe aliliona geni: mnato wa gesi haupungui gesi inapopunguzwa. Wapagazi wakiwa wachache, kila mmoja husafiri mbali zaidi kabla ya kugongwa, na hasara inafidiwa na faida. Hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo ipasavyo. Mwaka 1865 Maxwell na mkewe, Katherine, walitundika sahani za glasi kwenye waya katika dari ya nyumba yao ya Kensington, London, wakaziacha zijisokote huku na huku kati ya sahani nyingine zisizosogea. Katherine alisaidia kutunza moto ili halijoto ya chumba isibadilike. Hewa ikafyonzwa kidogo kidogo, na sahani zikaendelea kupunguza mwendo vilevile kama mwanzo. Mwaka 1866 matokeo yakatangazwa, na watu wengi waliokuwa na shaka kuhusu molekuli wakaanza kuzichukulia kwa uzito.

Mkondo unapochafuka

Yote hayo yanahusu vitu vinavyokwenda kwa utulivu. Mitoni na katika mabomba ya viwandani mambo ni mengine. Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds aliruhusu uzi mwembamba wa rangi uingie pamoja na maji katika mrija wa glasi. Maji yakienda polepole, uzi ulibaki umenyooka. Yakiongezwa kasi, ghafla ulikatika na rangi ikajaa mrija mzima. Reynolds alionyesha kuwa mpaka kati ya hali hizo hutegemea namba moja inayounganisha kasi, kipenyo cha mrija, uzito wa kimiminika na mnato wake. Kwa mabomba ya kawaida, wahandisi huuweka mpaka huo karibu na 2,000.

Mkondo ukichafuka, mzigo haubebwi na molekuli mojamoja tena. Mafungu mazima ya maji huhama na kila yalichonacho. Reynolds alikuwa ameliona hilo tangu mwaka 1874, alipodokeza kwamba joto hutoka kwenye bamba la boila kuingia majini kwa njia ileile ambayo maji husuguana na bamba. Basi anayejua msuguano anaweza kukadiria joto. Mwaka 1934 wahandisi wawili wa kampuni ya DuPont, Thomas Chilton na Allan Colburn, waliupanua ulinganifu huo hadi kwenye maada, na wasanifu wa viwanda wakaweza kupima jambo moja na kukadiria mawili.

Hata hivyo madarasani kila kitu kilibaki kwenye chumba chake. Wahandisi wa kemia walifundishwa kwa shughuli: ukenekaji, ukaushaji, uchujaji, kila moja na majedwali yake. Ukuta huo ulibomolewa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, na walimu watatu: Robert Byron Bird, Warren Stewart na Edwin Lightfoot. Kitabu chao cha mwaka 1960 kilipanga sura zote katika jedwali moja lenye safu tatu, mwendo, nishati na maada, kiasi kwamba mwalimu angeweza kukifundisha kwa kushuka safu moja au kwa kukata zote tatu. Kilikuwa na hesabu nzito na utani kidogo: herufi za kwanza za sentensi za dibaji, zikisomwa mfululizo, zinamtunukia kitabu Olaf Hougen, mkongwe wa idara yao.

Swali kutoka Lushoto

Miaka mitatu baada ya kitabu hicho, mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akigombea nafasi kwenye friza. Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Kwa kawaida walisubiri yapoe kwanza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inakwisha, naye akaingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeingiza yasiyochemshwa yalikuwa bado uji mzito. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa mji wa Tanga, kumbe, walikuwa wakilijua jambo hilo na kulitumia.

Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa na kuuliza tena, akachekwa. Ndipo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule. Mpemba akamuuliza kuhusu maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100 yaliyowekwa pamoja kwenye friza. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar es Salaam, akafanya majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walieleza kuwa hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na kwamba tofauti ya sentimita moja katika kina cha kipimajoto yatosha kuzua tokeo la uongo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, nchini Kanada, walionyesha jambo linalofanana nalo kwa chembe ndogo majini, zilizodhibitiwa kwa mwanga wa leza, ambapo iliyoanza na joto zaidi ilipoa upesi zaidi.

Sababu ya ugumu inaonekana wazi kwa aliyefuata historia hii. Kanuni ya kupoa iliyofundishwa Mkwawa huchukulia bilauri nzima kuwa na halijoto moja. Bilauri halisi ina miteremko mingi. Maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, na hapo mwendo na mnato vinaingia. Mvuke hutoka juu na kupunguza maji, na hapo maada inahama. Joto hupita kwenye kuta na kitako, likitegemea kama chini yake kuna barafu au chuma kitupu. Maji nayo huweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda. Sheria zote tatu zinafanya kazi kwa wakati mmoja ndani ya chombo kinachoshikika kwa mkono.

Kwa hiyo shule inayotaka kulirudia jaribio la Magamba haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji kuandika mambo ambayo kwa kawaida hayaandikwi: ujazo wa maji kabla na baada, umbo la chombo, kina cha kila kipimajoto, hali ya sakafu ya friza, na kipi hasa kinaitwa kuganda, chembe ya kwanza ya barafu au bilauri nzima. Bila hayo, wanafunzi wawili watapata majibu mawili na wote watakuwa wakweli.